Kioo Kilichozeeshwa Nakonde

Nilikuwa Kamsamba wakati darubini ya mdogo wangu ilipovushwa mpaka. Gazeti nililokuwa nikiliandikia lilinituma kule bondeni kufuatilia mgogoro wa wafugaji waliokuwa wakiteremsha ng'ombe kuelekea Ziwa Rukwa na wakulima wa mpunga waliolalamika kwamba mashamba yao yanakanyagwa. Nilizunguka na joto lile, nikasikiliza pande zote mbili, kila upande ukinihimiza niandike vizuri, kisha nikapanda lori la mchele kurudi Tunduma. Habari yenyewe ilikuja kuchapwa kwa aya chache tu, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mabati. Kwa hiyo ya kuvushwa kwa darubini sikuyaona kwa macho. Niliyakusanya baadaye kwa kuuliza mmoja mmoja, na nayaandika hapa kwa jinsi yalivyofuatana.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, sisi bado tukiwa mkoa wa Mbeya. Mdogo wangu wa kike alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya milimani Ileje, mwendo wa kutembea kutoka nyumbani kwetu Ikinga. Baba alikuwa amekwisha fariki. Nyumbani alikuwapo mama, kahawa, migomba, na huyo mwalimu, ambaye pamoja na fizikia alifundisha hesabu, na kwa kukosekana kwa mwingine alifundisha kemia pia. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Tunduma nyuma ya stoo ya saruji, na nilikuwa nikipanda nyumbani mwisho wa wiki nikibahatika kupata gari.

Akiwa chuo kikuu Dar es Salaam alihudhuria kozi fupi ya mwalimu mgeni, mtu wa makamo kutoka kusini mwa Afrika, aliyekuwa akichunguza nyota za aina fulani. Kozi ilikwisha, mgeni akaondoka, lakini waliendelea kuandikiana. Mwaka huo ninaouzungumzia akampa ahadi ya wazi. Ilikuwapo nafasi moja ya shahada ya pili chini yake, gharama zote juu ya chuo. Kama mdogo wangu angeitazama nyota moja kwa msimu mzima, kuanzia Septemba mpaka mvua zizibe anga, na kumpelekea vipimo vya mwanga wake, nafasi ile ingekuwa yake. Kule kwao Septemba mawingu ya baharini yanawasumbua. Milima yetu wakati huo ni mikavu, na Ikinga haikuwa hata na nguzo moja ya umeme. Darubini angeileta yeye.

Nyota yenyewe ni mbili. Hilo lilinichukua muda kulielewa. Ukiitazama ni nukta moja hafifu katika kundi la Ndoo, isiyoonekana kwa macho matupu, wala haina jina, ina herufi mbili tu mbele ya jina la kundi. Lakini ni nyota mbili zinazozungukana karibu mno, mzunguko mzima ukiisha kwa muda usiofika saa kumi. Moja ingali hai, ndogo kuliko jua letu, rangi yake kama chungwa. Ya pili ilikufa zamani, kikabaki kiini chake, ndicho wanachokiita kibete cheupe: ukubwa kama wa dunia, uzito unaoukaribia wa jua. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wake kingevunja chesisi ya pikapu. Na kibete hiki kina sumaku kali, na kinajizungusha chenyewe mara moja kwa kila nusu dakika na ushee.

Nilimsikia akimweleza mama haya jioni moja tukichambua maharage. Alimweleza kwa Kindali, naandika kwa Kiswahili. Alisema iliyokufa inaivuta iliyo hai kwa uzito wake, na ngozi ya ile hai inachuruzika kumfuata mwenzake. Katika jozi nyingine za aina hii sumaku huukamata ule mchuruziko na kuushusha kwenye ncha za kibete, kama maji ya paa yanavyofuata bati la mfereji mpaka kwenye pipa. Lakini hiki kina kasi kupita kiasi. Kinachosogea karibu kinachapwa na sumaku na kutupwa nje, kama tope linavyorushwa na gurudumu la baiskeli isiyo na madigadi. Madonge yale yakigongana huko nje, ndivyo wanavyodhani, nyota huwaka ghafla kwa dakika chache, halafu hufifia tena. Kazi yake yeye ilikuwa kuzikamata hizo dakika.

Mama alisikiliza huku mikono ikiendelea.

"Kwa hiyo inamnyang'anya mwenzake, na yenyewe haili," alisema.

"Haili, mama. Inatupa."

"Tangu lini?"

"Tangu hatujazaliwa sote."

Mama akapeta ungo, akapuliza makapi, akasema basi hao anawafahamu, wako ukoo wa babu yetu upande wa Itumba. Tulicheka kidogo. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kucheka sana mwaka ule. Alikuwa na madaftari ya darasa zima ya kusahihisha kila jioni, na barua moja kutoka kusini ambayo alikwisha isoma mpaka mikunjo ikaanza kuchanika.

Darubini ilisafiri kwa lori. Yule mwalimu alimkabidhi dereva aliyekuwa akipandisha shehena kuelekea Dar es Salaam, ambaye angeishusha Tunduma mikononi mwangu. Juu ya sanduku alibandika karatasi yenye mhuri wa chuo, iliyosema kwamba hiki ni kifaa cha elimu na hakitozwi ushuru. Kwa maneno mengine, ule mzigo ulikuwa na haki ya kupita getini mchana kweupe, mbele ya kila mwenye sare. Lakini lori lilikwama Nakonde, upande wa Zambia, kwenye ile foleni ya malori ambayo wakati mwingine madereva walipikia, walifulia na kuugulia humo humo. Dereva akachoka kulala na sanduku la watu. Akaliacha katika nyumba ya wageni na kutuma neno Tunduma kwamba lifuatwe. Mimi sikuwapo. Neno likamfikia mjomba.

Mjomba alikuwa kaka yake mama, mtu wa baiskeli. Alikuwa amevusha mizigo tangu zile siku ambazo maduka yetu yalikuwa na rafu tupu na kipande cha sabuni kilitafutwa ng'ambo kama dawa. Soko huria lilipokuja, bidhaa zikajaa pande zote mbili, yeye akaendelea, maana siku zote kulikuwa na kitu kilicho rahisi upande mmoja na ghali upande wa pili. Alizungumza Kibemba cha biashara, akawaita Wazambia wote mashemeji. Tangu baba afariki ndiye aliyetutazama. Alituletea chumvi, mafuta ya taa, sare za shule. Karo ya mdogo wangu ya miaka ya mwisho ya sekondari ilivuka mpaka ikiwa masufuria na mashuka, kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake.

Na Tunduma, mzigo wa ndugu haulali ng'ambo. Ukisikia upo, unaufuata. Kusubiri mwenyewe arudi na akuombe ni kumfedhehesha, kana kwamba hana watu. Kwa hiyo mjomba hakuuliza chochote. Alichukua vijana wake wa kazi, wakavuka.

Wavushaji wa zama zile walikuwa na kanuni mbili, na yeyote aliyeishi pale anazijua. Ya kwanza ni kuuvunja mzigo: televisheni inapita kwa watu wawili, jenereta kwa wanne, kila mmoja na kipande chake kisicho na maana machoni pa mtu mwingine. Ya pili ni kuuzeesha. Kitu kipya ni bidhaa, na bidhaa ina maswali. Kitu kikuukuu ni cha nyumbani, na cha nyumbani hakuna wa kukiuliza. Sufuria jipya lilipakwa masizi. Godoro lilitiwa doa la chai. Viatu vilitembezwa kwenye matope na mtu asiye na miguu ya saizi ile. Redio ilisuguliwa pembe kwa mchanga, ikafungwa waya kama iliyokwisha pasuka mara mbili. Mnunuzi alikuta kitu chake kimechakaa kidogo na akashukuru, maana kilikuwa kimefika.

Mjomba aliifungua darubini kwa ufundi huo. Bomba lake refu lilivuka kama bomba la moshi la jiko la hoteli. Kitako cha mbao kilivuka na kuku wawili ndani. Vioo vidogo vya kuchungulia alivitia mfukoni mwa koti lake. Ile karatasi yenye mhuri aliichoma. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba mzigo wenye karatasi una maneno mengi. Kikabaki kioo kikuu.

Kioo hicho kilikuwa na upana wa sahani ya wali na unene wa kofi la mkono, na upande wake mmoja umebonyea kidogo sana, umepakwa utando mwembamba wa alumini ambao hata kidole hakipaswi kuugusa. Ndicho kilichokuwa darubini; vingine vyote ni vya kukishikilia. Mjomba alikitoa kwenye kitambaa chake na jua likampiga machoni.

"Kilikuwa kinawaka, mwanangu, kama kimetoka dukani asubuhi ile," alinieleza. "Nikasema hiki kitatuumbua wote."

Akachukua majivu ya jiko la mama lishe, akachanganya na mchanga laini wa barabarani, akakisugua kwa kipande cha gunia. Alisugua kwa mviringo, kwa uangalifu, asikivunje. Alipoona kimefifia vya kutosha akakifunga ndani ya kiroba cha dagaa, na kikapita.

Niliporudi kutoka bondeni nilikuta ujumbe kwamba mzigo umekwisha panda nyumbani. Jumamosi nikapata gari la Isongole, nikateremka na kupanda tena jingine, nikafika Ikinga alasiri. Mjomba alikuwa ndani ya nyumba, miguu imenyooshwa, na vipande vyote vimepangwa juu ya mkeka kwa utaratibu mzuri. Alikuwa amevisafirisha mwenyewe mpaka mlimani. Hakumwamini kijana yeyote. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nimechelewa, kazi ya wanaume imekwisha.

Mdogo wangu alitoka shuleni kwenye vipindi vya ziada muda mfupi baadaye, chaki bado vidoleni. Alipiga magoti kumwamkia mjomba, akamshukuru kwa safari, kisha akasogea kwenye mkeka. Aligusa bomba. Akakiona kioo. Alikiinua kwa kingo zake kwa viganja viwili, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akakiinamisha upande mmoja, halafu mwingine. Mistari ilikuwa imezunguka uso wote, myembamba, mingi, kama iliyochorwa na mtu mwenye subira. Pembeni utando ulikuwa umetoka kabisa na unaona mkono wako upande wa pili.

Nilimtazama usoni kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea. Hakubadilika. Alikilaza kioo juu ya kanga, akakifunika.

"Asante, mjomba," alisema. "Umechoka. Ngoja nikuletee chai."

Mjomba akamweleza sasa, kwa furaha, jinsi kilivyokuwa kikiwaka na jinsi alivyokishusha. Akasema ile serikali ya pale mpakani ingekila kioo chote na mfupa wake. Mama alicheka. Mdogo wangu aliweka sukari kwenye kikombe cha mjomba, akakoroga yeye mwenyewe, akasema kweli, mjomba, ingekila.

Mjomba alipoondoka kesho yake nilisema lazima aambiwe. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na mazoea ya kwamba jambo likitokea liandikwe lilivyotokea. Mdogo wangu alikuwa akifua. Alisema nikimwambia, mjomba hatasema neno, ataacha tu kuja. Atapitisha siku zake pale Tunduma akijua kwamba aliyemsomesha ndiye aliyemharibia. Na mzee wa baiskeli hana kingine cha kujivunia. Nikamwuliza nafasi ya masomo itakuwaje. Akasema hajui bado, nimwache afue.

Wiki iliyofuata akawa amekwisha kata shauri. Kioo chenyewe hakikuvunjika umbo. Kilichoharibika ni utando, na mikwaruzo ya kwenye kioo haikuwa ya kina. Alumini huwekwa kwa mtambo ambao sijui kama nchi nzima ulikuwapo hata mmoja. Lakini zamani watu walipaka vioo fedha kwa mkono, kwa dawa ambazo ziko katika kemia ya sekondari. Alihitaji nitrati ya fedha, amonia, magadi makali, sukari, na maji safi sana. Maabara ya shule ilikuwa na chupa moja ya kahawia yenye nitrati chini kabisa. Nyingine niliitafuta mimi, Vwawa nikakosa, Mbeya mjini nikapata, baada ya kueleza mara nyingi kwamba sitengenezi pesa bandia.

Tulifanya kazi hiyo uani mchana, ndani ya karai la mama. Kwanza aliondoa utando wa zamani wote, mpaka kikabaki kioo kitupu kilichochubuka. Jaribio la kwanza lilitoa uji wa rangi ya kahawa, tukaumwaga. Mama alisimama mlangoni akasema karai lake tunaliua. La pili mdogo wangu alilifanya polepole zaidi, akilitikisa karai kama anayebembeleza mtoto, amonia ikituchoma macho wote wawili, na baada ya muda fedha ikaanza kutulia juu ya kioo kutoka katikati kwenda pembeni. Alikiosha, akakisimamisha kikauke. Kilikuwa kioo tena. Ukikitazama kwa ubavu, mistari ya mjomba ilikuwa bado ipo, sasa imepakwa fedha nayo.

Septemba ilikuwa imepita. Oktoba kwetu ni mwezi wa kuchoma mashamba, na jua lilizama kila siku ndani ya moshi likiwa jekundu kama kaa. Mwezi huo nyota ile inakuwa juu kabisa mara giza linapoingia, wala haihitaji mtu akeshe, ila inahitaji anga safi, na anga safi ndiyo tuliyokosa. Moshi ukipungua, mwezi umejaa. Mwezi ukiondoka, kuna kikao cha walimu, au mama ana homa, au mdogo wangu amelala na nguo zake juu ya madaftari kabla ya saa mbili.

Nilikuwapo mara moja. Tuliiweka darubini nyuma ya zizi la mbuzi mara baada ya chakula. Kazi yangu ilikuwa kushika saa na kumwambia kila dakika inapotimia. Yeye alilinganisha nyota ile na majirani zake ambao mwanga wao haubadiliki, akataja namba, akaiandika kwa tochi iliyofungwa kitambaa chekundu. Aliniachia nichungulie. Nyota kubwa zilikuwa zimezungukwa na ukungu, kama taa ya gari ndani ya umande, kwa ajili ya mikwaruzo. Ile yetu sikuiona kabisa kwanza. Alinifundisha kutotazama moja kwa moja, kutazama pembeni yake kidogo, na kweli ikajitokeza, punje ya vumbi. Nilimrudishia. Nikaendelea kutaja dakika. Namba zake zilifanana, zilifanana, shingo ikaanza kuniuma, kisha akataja namba tofauti, na dakika iliyofuata nyingine tofauti zaidi.

"Imewaka," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. "Endelea na dakika, kaka. Usinyamaze."

Iliwaka kwa muda mfupi ikarudi ilivyokuwa. Nilifikiri angefurahi. Alisema mkono umemganda, akaomba sweta.

Jioni nzuri kama hiyo alizipata tatu msimu mzima. Moshi ule ule uliochafua anga uliila fedha ya kioo, ukaitia manjano, kisha weusi, na nitrati haikubaki ya kurudia. Katikati ya Novemba mawingu yakaja kutoka upande wa Malawi na hayakuondoka. Alinakili vipimo vyake kwa mwandiko safi na kueleza hali ya kioo bila kusema kilifikaje hapo. Aliandika kwamba kiliharibika njiani. Nilivichukua Tunduma nikavituma kwa barua pepe kutoka chumba cha intaneti karibu na stendi, mahali pekee pa namna hiyo mjini wakati ule, na jenereta ikinguruma mlangoni.

Mjomba alipita Ikinga mara kadhaa katika miezi hiyo. Kila mara aliuliza mashine inafanya kazi. Mdogo wangu alimjibu inafanya kazi, mjomba. Akamwonyesha mwezi kwa hiyo mashine, maana mwezi una mwanga wa kutosha kwa kioo chochote. Mzee alitazama muda mrefu, mdomo wazi. Aliposimama alisema mashemeji zake wa Nakonde hawatamwamini, na kwamba kitu kingine kikija, cha ukubwa wowote, aambiwe yeye, asiambiwe mtu mwingine.

Jibu lilikuja Januari, shule zikiwa zinafunguliwa. Mdogo wangu alikuwa Tunduma siku hiyo kufuata mshahara na kununua chaki za kwake, kwa hiyo tuliisoma pamoja, tumebanana kwenye kiti kimoja mbele ya kompyuta. Mwalimu wa kusini aliandika kwa heshima. Jioni mbili kati ya zile tatu zililingana na za watazamaji wa nchi nyingine, mwako kwa mwako, na atazitumia kwa jina la mdogo wangu. Hakuona mtu aliyepima vizuri hivyo kwa kioo kibaya hivyo. Lakini kamati haikuhesabu jioni tatu kuwa msimu, na nafasi imekwenda kwa mwingine. Mwakani itakuwapo nyingine. Atamtumia kioo kipya, safari hii kwa uangalifu, na aeleze tu njia ipi ni salama.

Nikaanza kutaja njia. Ndege mpaka Dar es Salaam, niende kukipokea mwenyewe. Au kipite Nakonde na karatasi zake, nami nisimame getini. Alitikisa kichwa. Alisema hakuna kitu kinachofika kwetu bila mjomba kujua. Akijua, atakuja kukichukua, na yeye itabidi amwambie usikiguse. Atauliza kwa nini.

"Basi mwambie," nilisema. "Kwa ajili ya hili, mwambie."

"Nimeliwaza tangu Novemba, kaka." Alikuwa akitazama skrini, lakini si maandishi. "Kama ni kumwambia tu, labda ningemwambia. Lakini na mimi nimechoka. Nikirudi shule jioni sina macho. Mwakani kidato cha nne watakuwa wengi zaidi, na mama afya yake unaiona. Sitaki kumvunja mzee kwa kitu ambacho sina hakika nitakimaliza."

Mpaka leo sijui sababu ipi ilikuwa nzito. Nadhani hata yeye hakujua, na aliziweka pamoja ili asilazimike kupima.

Akanitajia maneno, nami nikayachapa kwa Kiingereza chetu cha gazetini. Kwamba anashukuru. Kwamba amefurahi jioni zile zimefaa. Kwamba kioo kisitumwe, na nafasi ya mwakani apewe mtu mwingine bila kumsubiri yeye. Nilichapa polepole kuliko ninavyoweza. Nilipofika mwisho niliacha mkono juu ya kibodi. Nyuma yetu kulikuwa na mfanyabiashara wa Kizambia na mabegi yake, na mama mmoja mwenye marobota ya mitumba, wote wakisubiri mashine ile ile.

"Dada, malizeni," alisema yule mama. "Wengine tuna mizigo jua kali."

"Samahani, mama," mdogo wangu alijibu. "Tumemaliza."

Akanyoosha mkono kupita mbele yangu, akabonyeza mwenyewe. Tulisubiri mpaka ikaandika imekwenda. Ilichukua muda, mtandao ulikuwa mzito siku hiyo. Kisha tukampisha yule mama akae. Nje mdogo wangu akaniuliza kama magari ya Isongole bado yapo, maana kesho asubuhi ana vipindi viwili vya kwanza mfululizo. Nikamwambia tukiwahi tutapata. Tukashika njia ya stendi, mimi nimebeba maboksi yake ya chaki.